Chupa Moja, Usiku Mzima

Saa nne usiku nilifungua.
Kifuniko nikakitia mfukoni; mlio wake
ndio uliokuwa kengele yangu ya kuingia zamu:
geti la bluu, ghala la magodoro, Barabara ya Lunga Lunga.
Nekoye, mke wangu, alitaka nibebe chai.
Chai hupoa, nilimwambia. Soda
huanza ikiwa baridi na haina pa kushuka.

Nilikuwa na hesabu yangu.
Chupa moja hadi alfajiri,
funda moja kila king'ora cha kiwanda cha sabuni,
usingizi ukizidi, nusu funda katikati.
Sikulimeza upesi. Nililizungusha ulimini,
nikalipitisha mwanya kwa mwanya
kama mtu anayesoma barua polepole
asije akafika mwisho.
Musembi wa geti la pili aliibugia yake kwa pumzi moja,
akapiga mbweu, akarudi kusinzia.
Nilimwona mlafi.

Na kabla ya kukabidhi funguo
nilipiga mswaki pale bombani, kwa nguvu zote,
brashi ngumu, povu lenye wekundu kidogo.
Mama alitulea hivyo:
uchafu hauondoki kwa kubembelezwa.

Julai maji ya bomba yakaanza kuniuma.
Kwanza ganzi, kama niliyetafuna ndimu na maganda yake,
kisha chai, kisha upepo mtupu.
Nikifungua kinywa kumwuliza dereva namba ya lori
baridi ya Nairobi iliingia, ikakaa kwenye jino
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Daktari Kerubo, zahanati ya Makadara,
ana kioo kidogo chenye mkono mrefu.
Akanionyesha meno yangu ya mbele, yamekonda ncha,
taa inapenya
kama kwenye karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta.
Magego yana visima.
"Unapenda sukari?"
Nikasema si sana, nikamweleza hesabu yangu,
kwa fahari kiasi.
Akaweka kioo chini.

"Baba Nafuna, sukari ina kesi yake.
Hii ni tindikali.
Kila funda hulainisha gamba la jino.
Mate huja kulikarabati, lakini yanahitaji muda,
na wewe muda hukuyapa.
Usiku kucha fundi anakuja na saruji yake,
usiku kucha unamwagia maji juu ya plasta mbichi.
Halafu asubuhi, likiwa bado laini,
unalisugua."

Kwa hiyo Musembi?

"Si vizuri. Ila afadhali yeye."

Nilinyamaza.
Nimekua nikiambiwa haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyeniambia kwamba kibaba
humalizwa vilevile.

Kufunika magego mawili ni mshahara wa miezi miwili.
Nikaomba nikafikirie.
Bado nafikiria.

Siku hizi chupa ni ileile, ndani yake maji,
nayo hayanikeshi hata kidogo,
kwa hiyo natembea: ukuta, choo, ukuta, geti.
King'ora kikilia ulimi bado unajikunja, ukingoja.

Jana nilisimama nimeshika kufuli
nikakumbuka mvua za mwaka juzi,
lilipoliwa na kutu hadi ufunguo ukagoma.
Nililimwagia soda, kifuniko kimoja, viwili,
nikalifunga kwa tambara.
Kulipokucha lilifunguka bila kelele,
kutu imechuruzika chini, rangi ya chai,
chuma kinang'aa kama kipya.
Meneja akasema, huyu bawabu ana akili.
Nilicheka (enzi hizo nilicheka
bila kuziba mdomo kwa mkono)
na kilichosalia chupani
nikakinywa.